Mvua Iliyongoja Godoro

Mvua ya kwanza ya mwaka jana ilinyesha kwenye shamba tupu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na jembe mkononi, mbegu ziko kwenye bakuli, udongo unanukia mpaka mtu anatamani kuutafuna, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda hata punje moja. Boma zima tulisimama hivyo, kila mke kwenye mlango wake, kama watu wanaochungulia harusi ya jirani ambaye hakuwaalika. Maji yakapita katikati yetu yakienda zake ziwani.

Sababu ilikuwa godoro. Nitaeleza, maana nikiwasimulia watu wa mbali wanadhani nawatania.

Kwetu huku Seme, msimu haufunguliwi na mvua. Msimu hufunguliwa na mwenye boma na mke wake wa kwanza, yule tunayemwita Mikayi. Usiku wanalala pamoja, na kulala hapo simaanishi kukoroma. Asubuhi Mikayi anatoka na mbegu, anapanda, na wengine tunafuata kila mtu kwa cheo chake. Anayeruka foleni anavuta chira, ile laana ya kukonda mpaka kufa. Baba mkwe na mama mkwe walishazikwa zamani, kwa hiyo kufungua msimu kulibaki kwa shemeji yangu mkubwa na Mikayi wake.

Sasa, shemeji yangu alikuwa ameoa mke mwingine, kijana kijana hivi, akamnunulia kitanda kipya. Mikayi akaangalia kile kitanda, akakunja nguo zake, akaenda kuishi kwa mwanawe Migosi, kule Kisumu mjini. Hakupiga kelele wala hakuitisha kikao. Alienda tu, na msimu wetu akaenda nao.

Huyo ndiye mkosaji wa kwanza, na ninamtaja wazi: shemeji yangu mkubwa. Wengine wanafuata, sina haraka.

Mimi nina sababu ya kuogopa foleni hiyo kuliko wengine. Mume wangu alipokufa, nami nikaanza kukonda, watu wa boma hili hawakusema ni ugonjwa. Walisema nilipanda mahindi kabla ya zamu yangu. Walikaa wakakumbuka mpaka siku yenyewe, ati nilionekana nikiinama shambani. Nilikuwa nimeinama kutapika. Hospitali ya Kombewa ikanipa dawa, nikazimeza, nikanenepa, nikakataa kufa, na mpaka leo kuna watu hapa hawajanisamehe kwa hilo. Kwa hiyo nikipanda kinyume mara ya pili, hakuna atakayengoja nikonde. Watanifungia virago siku hiyo hiyo.

Na nisipopanda, mambo ni yale yale. Mwaka uliotangulia sikuvuna kitu. Shemeji alikuja akasimama kwenye mahindi yangu makavu, mikono nyuma, akasema, "Nyar Nyakach, shamba lisilozaa halina mwenyewe. Msimu ujao likitoa majani tena, nitalikodisha." Nyar Nyakach ni mimi, binti wa Nyakach, maana mwanamke hapa huitwa kwa alikotoka hata akizeekea alikofika. Mtu wa kulikodi alikuwa tayari. Ni bwana mmoja mwenye pampu, anayevuta maji ziwani kumwagilia nyanya, na alishapita pale mara kadhaa akilitazama shamba langu kama mtu anavyotazama kitoweo cha mwenzake.

Kutovuna kwenyewe nako kuna mwenyewe. Mkosaji wa pili ni yule muuza mbegu wa soko la Kombewa. Aliniuzia mbegu ya milimani, ile inayokaa shambani mpaka mtu anasahau alipanda nini. Akasema, "Mama, hii inatoa mahindi kama mkono wa mtu." Ni kweli inatoa, lakini kule Kericho, ambako mvua inanyesha mpaka vyura wanaomba radhi. Hapa ilirefuka vizuri, ikanipita kimo, ikasimama kama askari wa gwaride. Mvua ikakatika kabla haijatoa hata ndevu. Nilikata mabua nikawapa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikula kwa kunionea huruma.

Ningepaswa kujua, maana mimi nilizaliwa karibu na Sondu. Siku ya soko wanawake wa milimani walikuwa wanashuka na magunia, mahindi makubwa, meupe, meno yamepangana. Mama yangu alifinyanga nyungu, anawapa nyungu, wanampa mahindi. Nilimuuliza kwa nini sisi hatuna kama hayo, na mto ni mmoja. Akasema, "Mvua inanyesha kwao. Kwetu inakuja ikiwa imeshatumika." Alikuwa anaosha tope miguuni aliposema hivyo. Mto Sondu ulituletea tope lao lote, rangi ya chai ya maziwa, na mahindi ukawaachia wenyewe. Ukinunua gunia pale sokoni, ulikuwa umenunua mvua ya watu wengine na kuibeba kichwani mpaka nyumbani. Hivyo ndivyo mama alivyoliona jambo hilo, na hakuwa na haja ya kulizungusha.

Nilikuja kulisikia tena kwa maneno mengine kutoka kwa msichana wa chuo. Alifika kwetu akizunguka akipima maji ya mahindi, huku Seme na kule milimani, mwaka baada ya mwaka. Alichagua shamba langu kwa sababu liko karibu na njia, nadhani, na kwa sababu wengine walimkatalia. Akachimbia mti, akafunga juu yake kikombe kirefu cha plastiki chenye mistari, cha kukinga mvua. Kazi yangu ilikuwa kukisoma kila asubuhi na kumpigia simu. Kusoma mistari naweza. Darasa la tano lilinitosha kwa hilo.

Akanieleza hesabu yake tukiwa tumekaa kwenye mashina ya mabua. Unachukua maji yote ambayo shamba limekunywa tangu kupanda mpaka kuvuna, unayagawanya kwa mahindi uliyopata. Kule juu shamba linakunywa sana, lakini linatoa sana, kwa hiyo kila gorogoro ya mahindi, ule mkebe wa kupimia sokoni, imekunywa kidogo. Hapa kwetu jua linachukua lake, upepo unachukua lake, na mwisho unapata vigunzi viwili, kwa hiyo gorogoro moja imebeba maji ya kutisha.

"Kwa hivyo mahindi yangu ni mlevi," nikamwambia.

"Mama, mimi sijasema hivyo."

"Umesema. Anakunywa kuliko wenzake na kazi hafanyi. Mimi niliolewa karibu na watu wa namna hiyo, nawajua."

Akacheka, akaniuliza kwa nini hatupandi mtama, unaovumilia ukame. Nikamwambia mama mkwe wangu alipanda mtama, na sisi wote tulikula ugali mweusi tukanawiri. Kisha watu wakaona mahindi kwa walimu na makarani, wakaona ugali mweupe ndio ugali, mtama wakawaachia ndege. Leo mwanamume wa hapa akila sinia zima la kitu kingine, analala akisema hajala. Hao nao waingie kwenye orodha ya wakosaji, ingawa ni wengi mno na mimi mwenyewe ninakula nao meza moja.

Maji yenyewe, usidhani hayapo. Ziwa naliona kutoka choo changu. Mwaka ziwa lilipopanda, lilikuja mpaka likameza shamba langu la chini, lile lenye udongo mzuri, na viboko wakalala palipokuwa na maharagwe yangu. Juu barabarani kuna tangi la mradi wa maji, kubwa, limepakwa rangi, na bomba lake lina kufuli. Ufunguo uko kwa mwenyekiti wa kamati, na ng'ombe wa mwenyekiti wa kamati ndio viumbe pekee katika kijiji hiki wasiojua kiu. Mkosaji wa tatu huyo. Basi, maji yako chini yangu yakinifukuza, yako juu yangu yamefungiwa, na yale yanayonijia kutoka mbinguni siruhusiwi kuyatumia mpaka watu wawili wapatane kitandani.

Asubuhi ile ya mvua ya kwanza msichana wa chuo alipiga simu. Nikamsomea mstari. Akafurahi sana.

"Mama, vizuri. Mmepanda?"

"Bado."

"Mnangoja nini?"

"Tunangoja mtu."

"Mtaalamu?"

"Unaweza kumwita hivyo."

Ikabidi nimweleze. Akaniomba nirudie. Kisha akasema mvua hiyo ya leo ataiandika kama mvua iliyopotea.

"Iandike kwa jina la shemeji yangu," nikamwambia.

Mvua ikaja tena, kikombe kikajaa, shamba tupu. Shemeji alikuwa anatembea uani na kofia yake, anatazama mawingu kana kwamba ndiyo yaliyochelewa. Wake wa boma walikuwa wanamnong'ona, lakini hakuna aliyemwambia kitu. Nikaona kwamba kila mtu pale ana mume au mwana wa kumlimia kwingine, na mimi nina shamba hilo moja tu na mtu wa pampu anayelimezea mate. Nikavaa kitambaa kichwani nikaenda Migosi.

Nilimkuta Mikayi nyuma ya nyumba ya mwanawe, amekaa kwenye stuli anaosha vyombo. Bomba la maji la plotini lilikuwa limekauka, kama kawaida yake, na mitungi aliyonunua kwa kijana wa mkokoteni ilikuwa imepangwa ukutani kama wageni wa heshima. Hakuinuka.

"Nyieka," akasema. Ndivyo tunavyoitana, mke mwenza, ingawa waume zetu walikuwa ndugu. "Umekuja kunichukua."

"Nimekuja kukuomba."

"Yule ndiye amekutuma?"

"Mikayi, mimi nitumwe na yule? Anataka kukodisha shamba langu. Mvua imeshanyesha na tumesimama tu na majembe."

"Simameni. Mazoezi ni mazuri." Akasuuza sahani. "Mimi kile kitanda sirudi. Kipya alimpa mdogo, mimi akaniachia cha zamani, godoro limebonyea upande wake mpaka ukilala unaviringika kumwendea kana kwamba umetaka. Sasa mvua imekuja ndiyo anakumbuka kuna Mikayi?"

"Hajakumbuka. Amekaa tu."

"Afadhali. Ningemshangaa."

Akainuka kumwaga maji ya vyombo. Hakuyamwaga mtaroni. Aliyapeleka pembeni mwa ukuta, kwenye karai kuukuu lililotoboka, akayamimina polepole kwa mkono, kama anayemnywesha mtoto. Ndani ya karai kulikuwa na mahindi. Miche mitano sita, kijani kibichi, imefika nusu ya mkono.

Nikauliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida. "Haya ulipanda lini?"

"Kabla ya mvua. Maji ya vyombo hayangoji mawingu."

"Na udongo?"

"Udongo gani?"

"Huu wa kwenye karai. Migosi hakuna udongo mweusi namna hii."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama nguo aliyovaa ni yake. "Wa nyumbani. Nilibeba gunia moja siku niliyotoka, wa pale nyuma ya jiko langu, kwa ajili ya mboga. Ulitaka nimwachie yule kila kitu?"

Nikakaa chini kwenye saruji. Nikamwambia, "Mikayi, basi umeshapanda."

Hakuelewa. Kisha akaelewa, na nikaona kicheko kikianzia tumboni kabla hakijafika mdomoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Jirani akachungulia dirishani kuona kuna nini.

"Udongo wa boma," nikasema. "Mkono wa Mikayi. Hakuna aliyetangulia."

"Na kitanda je? Kanuni inataka kitanda."

"Wewe ulilala wapi usiku huo?"

"Peke yangu. Vizuri sana."

Tulikunywa chai. Aliposhiba kucheka akawa mpole, akaniuliza habari ya kuku wake, akaniuliza kama mlango wa nyumba yake umefunguliwa na mtu. Nilimwambia haujafunguliwa. Akaligeukia lile karai. Kisha akang'oa mche mmoja pamoja na udongo wake, akautia kwenye pakiti ya unga iliyokuwa tupu, akanipa. "Wakibisha, nipigie simu mbele yao."

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Shemeji alikuwa chini ya upenu wa nyumba yake, wake wa boma wako uani wanachambua omena, mawingu yanajikusanya tena upande wa ziwa. Nikaiweka ile pakiti mbele yake.

"Hiki ni nini, Nyar Nyakach?"

"Msimu, Mzee. Umefunguliwa."

Nikaeleza. Akatazama ule mche kama umemtukana. Akasema karai si shamba. Akasema Migosi si boma. Akasema mambo ya wazee hayabebwi kwenye pakiti ya unga. Nikapiga simu ya Mikayi, nikaongeza sauti mpaka mwisho.

"Nani anabisha?" simu ikauliza.

"Mimi," akasema shemeji.

"Oh, uko. Habari ya kitanda?"

Hakuna mwanamke aliyechambua omena tena. Wote walikuwa wameshika samaki mmoja mmoja hewani.

Shemeji akakohoa. "Mama, uliacha boma bila ruhusa, huwezi kufungua msimu ukiwa mjini."

"Mimi ni Mikayi wako au si Mikayi wako?"

"Ni Mikayi."

"Udongo ni wa nani?"

"Ni wa boma, lakini..."

"Nani alipanda kabla yangu?"

Shemeji akavua kofia, akaitazama ndani.

"Basi nimepanda. Unataka nini tena?"

Akainamisha kichwa karibu na simu, akapunguza sauti kana kwamba sisi hatuna masikio. "Na yale mambo mengine?"

"Yale mengine fanya na huyo wako. Mahindi hayana habari."

Mke mmoja akashindwa, akacheka kupitia pua, omena ikamruka. Shemeji akasema, "Zima hiyo kitu," akaingia ndani. Kutoka humo akatangaza kwamba hakuna kugusa udongo mpaka aulize wazee wenzake.

Mimi sikungoja wazee wenzake. Nilichukua bakuli langu. Safari hii ilikuwa mbegu ya muda mfupi, ya watu wa ukame, na sikuinunua kwa yule wa Kombewa. Nikapanda mpaka matone yakaanza kunipiga mgongoni. Ule mche wa Mikayi niliupanda wa kwanza, pembeni karibu na kile kikombe cha mvua, ili anayepita aone nani katangulia. Wengine walinitazama. Nilijua wanatazama nini. Walikuwa wananipima kama nimeanza kukonda.

Wazee waliulizwa, wakanywa chai ya watu, wakarudisha jibu kwamba jambo ni zito. Siku zikapita. Mwishowe shemeji akaamka asubuhi moja akafungua msimu mwenyewe, na mke mdogo akimshikia bakuli, bila Mikayi na bila aibu. Kanuni iliyonizuia mimi haikumzuia yeye. Lakini mvua nzuri ilikuwa imeshapita, na mbegu aliyotia ardhini ilikuwa ile ya milimani, kwa sababu muuza mbegu alimwambia inatoa kama mkono wa mtu.

Kisha mvua ikakatika, kama inavyokatika huku kila mwaka, katikati, bila kuaga. Mahindi yangu yalikuwa yameshatoa ndevu na kushika punje. Ya wenzangu yalikuwa magotini, majani yamejikunja kama watu wanaobanwa na tumbo. Sikuwacheka. Au tuseme sikuwacheka mbele yao. Wale wanawake hawakuwa na kosa ila utii, nami niliwahi kuwa mtiifu, najua ulivyo na njaa.

Bwana wa pampu alikuja na kamba ya kupimia. Alikuta mahindi yamesimama, akazunguka upande mmoja, akazunguka upande wa pili, akakunja kamba. "Mama, haya utavuna lini?"

"Yakikauka."

"Na baada ya hapo?"

"Nitapanda tena."

Akaenda kuzungumza na shemeji. Walizungumza kirefu.

Kuvuna nako kuna foleni yake. Hakuna anayeonja mahindi mapya kabla ya Mikayi. Shemeji akanikumbusha hilo kwa furaha aliyoshindwa kuificha. Alijua Mikayi hatarudi, na mahindi yasiyoonjwa hayaliwi, na shamba ambalo mahindi yake hayaliwi unaweza kuliita halizai. Nikampigia simu Mikayi. Akasema, "Kulala siji. Kula nakuja."

Alikuja Jumamosi na leso yake nzuri ya kanisani. Hakuingia nyumbani kwake, ila alisimama akaugusa mlango. Akakaa jikoni kwangu. Nilichemsha mahindi mabichi, akala gunzi la kwanza lote, polepole, shemeji amesimama uani, kofia mkononi, boma zima likisubiri kinywa chake. Akafuta midomo.

"Ni matamu," akasema kwa sauti ya kufika nje. "Shamba hili linazaa. Atakayelikodisha, aje aniambie mimi kwanza."

Kisha akaomba la pili, akauliza kama kuna chumvi, na kabla jua halijashuka alikuwa amerudi Migosi.

Msichana wa chuo alikuja kupima magunia. Akasema mahindi yangu yamekunywa kidogo safari hii, kwa kila gorogoro, kuliko mengi aliyowahi kuyapima huku Seme. Ya milimani bado yanayashinda mbali, akaongeza, asije akanidanganya. Nikamuuliza ya shemeji je. Akasema hayo hayawezi kugawanywa, maana hakuna cha kugawanyia.

Shemeji alienda Sondu, akarudi na magunia ya mvua ya watu wengine. Nilimwona akiyashusha. Nilimsaidia kushika pembe moja, kwa sababu mgongo wake ni mbaya na mimi si mnyama. Hakunishukuru, nami sikutegemea.

Mwaka huu, mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya ziwa, alikuja mpaka kwenye uzio wangu. Akasimama kitambo akitazama kile kikombe cha plastiki. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa, kama kule Migosi kumeshapandwa.

"Namba unayo, Mzee," nikamwambia. "Piga umuulize."

Akatoa simu. Hakupiga. Aliishika tu mkononi, na mimi nikaendelea kuchagua mbegu, nikitupa zilizotobolewa na wadudu.